Steve McQueen: Nyota wa filamu aliyelirudia gari la ujana wake

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Kwa wengi waliowahi kuuza gari walilolienzi wakiwa vijana, methali hii ina ukweli mchungu. Gari hupita mikononi mwa mmoja hadi kwa mwingine, hubadilishwa rangi, hugongwa, hung'olewa vipuri na mwishowe hutoweka kabisa. Aliyeliuza hubaki na picha iliyofifia na majuto yasiyokwisha.

Mwigizaji Steve McQueen wa Marekani, aliyeaga dunia mnamo 1980, alikataa kuikubali methali hiyo. Mnamo 1977, akiwa na umri wa miaka 47, alilirejesha nyumbani gari la mbio aina ya Jaguar XKSS alilokuwa amelinunua mara ya kwanza mnamo 1958, kabla ya jina lake kuvuma. Mwaka huo huo alimwandikia barua mtu asiyemjua akimwomba amuuzie gari jingine, Ford Mustang, lakini akaambulia patupu.

Miaka mitatu baadaye alikuwa kaburini, kama si kwamba hata kaburi hakuwa nalo, kwani majivu yake yalinyunyizwa katika Bahari ya Pasifiki. Magari yote mawili yapo hadi leo. Kisa cha namna alivyoyapata, akayapoteza na kuyatafuta tena kinamfichua mtu huyu kuliko filamu nyingi zilizomjengea sifa.

UTOTO WA KUHAMAHAMA

Terrence Stephen McQueen alizaliwa Machi 24, 1930 katika mji wa Beech Grove, jimbo la Indiana, kando ya jiji la Indianapolis linalosifika kwa mbio za magari za maili 500. Baba yake alikuwa rubani wa maonyesho ya michezo ya angani. Aliitoroka familia hiyo mwanawe akiwa na umri wa miezi michache tu, na kamwe hakurudi.

Mama yake, Julia Ann, alikuwa mwanamke mchanga aliyezama katika ulevi. Malezi yakamshinda. Mtoto akapelekwa kuishi katika shamba la Claude Thomson, kaka ya nyanya yake, mjini Slater katika jimbo la Missouri.

Huko ndiko alikoonja utulivu kwa mara ya kwanza. Alipotimiza miaka minne, mzee Claude alimzawidia baiskeli nyekundu ya magurudumu matatu. McQueen alikuja kueleza ukubwani kwamba baiskeli hiyo ndiyo iliyompandisha wazimu wa mbio.

Utulivu huo haukudumu. Mama yake alikuwa akimchukua, akimrudisha na kumchukua tena kila alipopata mume mpya. Baadhi ya baba hao wa kambo walimpiga vibaya. Isitoshe, maradhi ya sikio yalimwacha na uziwi kiasi, na kusoma kulimtatiza maisha yake yote. Mvulana akaingia mitaani na kujiunga na magenge ya wezi.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Akiwa na umri wa miaka 14 alipelekwa katika shule ya kurekebisha tabia iitwayo Boys Republic, katika eneo la Chino, California. Alianza kwa kutoroka, kisha akatulia na hata akachaguliwa katika baraza la wavulana. Hakuisahau shule hiyo alipotajirika. Alikuwa akizishurutisha kampuni za filamu zimpe suruali za jinzi na nyembe kwa wingi, kisha akazituma kwa wavulana hao.

Mnamo 1947 alijiunga na jeshi la Marine la Marekani, akawekwa katika kikosi cha vifaru. Ukaidi wake ulimponza mara kadhaa, na wakati mmoja alifungwa siku 41 kwa kukaa nje ya kambi bila ruhusa. Miongoni mwa kazi alizotumwa kufanya jeshini ilikuwa kubandua vifuniko vya asbesto kwenye mabomba ndani ya meli. Wakati huo hakuna aliyewaonya vijana kuhusu vumbi la asbesto. Jambo hili dogo lilikuja kuwa kubwa baadaye.

PIKIPIKI NA JUKWAA

Aliachiliwa kwa heshima mnamo 1950, akahamia New York. Alifanya vibarua vya kila namna kabla ya kujiunga na shule ya uigizaji ya Neighborhood Playhouse, karo ikilipwa kupitia mpango wa serikali wa kuwasaidia wanajeshi wa zamani.

Mchana alijifunza uigizaji, na mwishoni mwa wiki alishindana katika mbio za pikipiki ili apate fedha za kujikimu. Zawadi alizoshinda zilimwezesha kujaza tumbo na kununua vipuri. Ni katika siku hizo alipopata gari lake la kwanza la mbio, MG TC, gari dogo la viti viwili lililoundwa Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

MG hiyo haikuwa na nguvu nyingi. Hata hivyo, ilimfunza jambo ambalo magari makubwa ya Kimarekani hayangemfunza: gari jepesi, lililo karibu na ardhi, humwambia dereva kila kinachotendeka chini ya magurudumu yake. Ilimfunza pia kwamba gari la aina hiyo huchafua mikono. Asiyejua kushika spana hakuwa na sababu ya kulinunua.

Mnamo Novemba 1956 alifunga ndoa na Neile Adams, msanii wa uchezaji ngoma aliyekuwa akijulikana na kulipwa vizuri kumshinda mumewe. Wakahamia California. Septemba 1958 McQueen akaanza kuonekana kila wiki katika tamthilia ya televisheni, Wanted: Dead or Alive, akiigiza msaka wahalifu kwa malipo. Kwa mara ya kwanza maishani akawa na mshahara wa uhakika, na mshahara huo ukaelekea moja kwa moja kwenye magari.

Mwaka huo huo alinunua Porsche Speedster nyeusi, mpya kabisa. Akiiendesha, alishinda mbio zake za kwanza za wanagenzi huko Santa Barbara mnamo 1959. Lakini gari lililoushika moyo wake lilikuwa jingine.

GARI LILILOKATIZWA NA MOTO

Ili kuelewa thamani ya Jaguar XKSS, yafaa kurudi nyuma kidogo. Kampuni ya Jaguar ya Uingereza iliunda gari la mashindano liitwalo D-Type, lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa mnamo 1955, 1956 na 1957. Kampuni yenyewe ilijiondoa mashindanoni mwishoni mwa 1956, na baadhi ya magari ya D-Type yakabaki kiwandani bila wanunuzi.

Wakuu wa kampuni wakaona ni heri magari hayo yageuzwe yaweze kuendeshwa barabarani, kisha yauzwe kwa matajiri wa Marekani waliopenda mbio. Pezi lililosimama nyuma ya kichwa cha dereva likaondolewa. Abiria akawekewa mlango. Kioo kamili cha mbele, paa jepesi la turubai, bampa ndogo na kichanja cha kubebea mizigo vikaongezwa. Chini ya mapambo hayo, gari lilibaki lile lile la mashindano. Lilikuwa na injini ya silinda sita ya lita 3.4, kabureta tatu na breki za diski, na liliweza kukimbia karibu kilomita 240 kwa saa.

Usiku wa Februari 12, 1957 moto mkubwa ulizuka katika kiwanda cha Jaguar cha Browns Lane, jijini Coventry. Magari mengi yaliteketea, yakiwemo tisa yaliyokuwa yakisubiri kugeuzwa. Magari 16 pekee ya XKSS ndiyo yaliyokamilishwa.

Moja kati ya hayo 16 lilifika California na kumilikiwa na mtangazaji wa redio na televisheni, Bill Leyden. Lilikuwa jeupe, viti vyake vyekundu, na usukani ukiwa upande wa kulia kama ilivyo desturi ya Waingereza. McQueen alilinunua mnamo 1958 kwa dola 5,000 hivi. Kwa mwigizaji aliyekuwa ndio kwanza anaanza kupata riziki ya kudumu, hizo zilikuwa fedha nyingi mno.

PANYA WA KIJANI

Mara tu lilipokuwa mikononi mwake, McQueen alianza kulifanya lake. Alilipaka rangi ya kijani iliyokoza, rangi ya jadi ya magari ya mbio ya Waingereza. Viti vikavalishwa ngozi nyeusi na Tony Nancy, fundi mashuhuri wa kazi hiyo ambaye mwenyewe alikuwa dereva wa mashindano.

Kwa kuwa lilitokana na gari la mashindano, lilikuwa na shubaka tu kwenye dashibodi, lisilo na kifuniko. Kila McQueen alipokanyaga mafuta, vitu vilivyowekwa humo vilimwagika. Akamwendea msanii aliyejulikana kwa jina Von Dutch, aliyesifika California kwa kuchora na kufinyanga mabati ya magari, akamtengenezea mlango mdogo wa kufunika shubaka hilo. Kipande hicho cha kazi ya mkono kingali ndani ya gari hadi leo.

Akalibandika jina la utani: Panya wa Kijani.

Jioni, baada ya kazi ya studio, alilipeleka katika barabara zenye kona nyingi za milima inayopakana na Hollywood. Askari wa trafiki wakamfahamu. Faini zilirundikana hadi leseni yake ikawa hatarini. Mkewe alikuja kusimulia kwamba siku moja, akiwa mjamzito, walisimamishwa kwa kwenda kasi. McQueen akadai kwamba mkewe ameshikwa na uchungu wa uzazi, na askari wakawasindikiza hadi hospitalini. Walipoondoka, akawaeleza wauguzi kwamba ilikuwa taharuki tu. Inasemekana Neile hakumsemesha siku hiyo yote.

Miaka iliyofuata ilimwinua haraka. Filamu ya The Magnificent Seven ya mwaka wa 1960 ilimtambulisha duniani, na The Great Escape ya 1963 ikamfanya nyota. Katikati ya kazi hizo aliendelea kushindana. Alipokuwa akiigiza Uingereza mnamo 1961, aliingia mbio za Brands Hatch akiendesha Mini na kumaliza wa tatu. Mwaka uliofuata alishiriki mbio za saa 12 za Sebring, jimbo la Florida.

MAJUTO NI MJUKUU

Utajiri ulileta magari mengine. Yalikuja ya Ferrari, yakaja ya Porsche, zikaja pikipiki kwa makumi. Mnamo 1968 ilitoka filamu ya Bullitt, ambamo McQueen, akiwa mpelelezi, aliendesha Ford Mustang ya kijani katika miteremko ya San Francisco kwa karibu dakika 11 za ufukuzano. Sehemu za hatari zaidi ziliendeshwa na madereva wa kuigiza kwa niaba yake, akiwemo rafiki yake Bud Ekins. Hata hivyo, sura iliyoonekana kwenye kioo kidogo cha gari ilikuwa ya McQueen mwenyewe, na watazamaji waliielewa tofauti hiyo.

Ni katika kipindi hicho cha neema, mwishoni mwa miaka ya 1960, alipoliuza Panya wa Kijani. Lilichukuliwa na William Harrah, tajiri wa kasino aliyekuwa amekusanya zaidi ya magari 1,000 huko Reno, jimbo la Nevada. Gari lililozoea milima ya Hollywood likawekwa katika safu ndefu ya magari mengine, likipitiwa na wageni waliolipa kiingilio.

Porsche nyeusi ya 1958 nayo ilikuwa imeuzwa zamani. Mustang ya Bullitt haikuwa mali yake. Baada ya upigaji filamu, kampuni ya filamu iliiuza kama chombo kilichomaliza kazi.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Machi 1970 alirudi Sebring akiwa na dereva Peter Revson, mguu wake wa kushoto ukiwa umefungwa plasta baada ya ajali ya pikipiki. Porsche yao ndogo ilimaliza ya pili, sekunde 20 na ushei nyuma ya Ferrari ya Mario Andretti. Ndiyo iliyokuwa siku yake kuu zaidi mashindanoni, na pia iliyokaribia kuwa ya mwisho.

Mwaka huo alianza kutengeneza filamu ya Le Mans, ndoto aliyoilea kwa miaka mingi. Upigaji picha ulianza bila hadithi iliyokamilika. Mwelekezi wa kwanza, John Sturges, akajiondoa. Dereva David Piper alipata ajali na kukatwa sehemu ya mguu. Filamu ilipotoka 1971 haikurudisha matarajio ya waliogharamia. Kampuni ya McQueen ikayumba, na ndoa yake na Neile ikavunjika mwaka uliofuata.

Aliendelea kuigiza, na The Towering Inferno ya 1974 ikamweka miongoni mwa waigizaji waliolipwa zaidi duniani. Lakini baada ya hapo alijitenga. Alifuga ndevu na nywele, akanenepa, akakataa kazi moja baada ya nyingine. Ndoa yake ya pili, na mwigizaji Ali MacGraw, nayo ilikuwa ikielekea ukingoni.

KULISAKA LILILOPOTEA

Katika upweke huo, McQueen alianza kukusanya vitu vikuukuu: pikipiki za Indian za enzi ya babu zake, malori ya zamani, visu vya mfukoni na vitu vya kuchezea watoto. Mtu ambaye hakuwa na utoto alikuwa akiununua kipande kwa kipande.

Ndipo alipoyageukia magari yake mwenyewe. Alianza na Porsche nyeusi, akaitafuta na kuirejesha katikati ya miaka ya 1970. Kisha akalifuata Panya wa Kijani. Mnamo 1977, baada ya takriban mwongo mmoja, Jaguar hiyo ikatoka tena katika mkusanyiko wa Harrah na kurudi kwa mwenyewe.

Alikuwa na bahati ambayo wauzaji wengi wa magari hawaipati. Mkusanyiko ule ulikuwa umelihifadhi. Rangi ya kijani ilikuwepo, viti vyeusi vilikuwepo, na mlango mdogo wa Von Dutch ulikuwa mahali pake. Kama lingeangukia mnunuzi wa kawaida, huenda injini ingekuwa imehamishiwa gari jingine na bodi kutupwa nyuma ya gereji.

Lakini kulipata gari la aina hii ni nusu tu ya safari. Kulitunza ni nusu ya pili, tena ndefu zaidi. Injini ya XKSS haina karai la kawaida la oili chini yake. Oili hukaa katika tangi la kando na kusukumwa na pampu, kwa hiyo sharti ipashwe joto polepole kabla ya gari kukimbizwa. Kabureta zake tatu lazima zivute hewa kwa kipimo sawa. Moja ikizidi au kupungua, injini hukohoa na kupoteza nguvu. Mafuta huhifadhiwa katika mfuko wa mpira kama wa ndege, nao mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Bodi ni ya metali nyembamba. Haili kutu kama chuma, lakini kiganja kizito chaweza kuibonyeza. Na kwa kuwa magari yenyewe ni 16, vipuri havipatikani dukani. Kinachoharibika hutengenezwa upya kwa mkono, au hutafutwa kwa aliye na D-Type.

Fauka ya hayo, gari kama hili huharibika zaidi likiachwa kimya kuliko likiendeshwa. Mipira hukauka, breki hushikana, mafuta hugeuka gundi ndani ya kabureta. Usipoziba ufa utajenga ukuta. McQueen aliyejifunza kushika spana kwenye MG na pikipiki alilijua jambo hilo. Hakulirudisha Panya wa Kijani ili litazamwe. Aliliendesha.

BARUA ISIYOJIBIWA

Ufanisi huo ulimpa moyo wa kuitafuta Mustang ya Bullitt pia. Gari hilo lilikuwa limepita mikononi mwa watu kadhaa hadi mnamo 1974, liliponunuliwa kwa dola 6,000 na mwanamume mmoja wa New Jersey aliyeona tangazo katika jarida. Kwake halikuwa kumbukumbu ya sinema, bali gari la familia. Mkewe, aliyekuwa mwalimu, aliliendesha kwenda kazini.

Mnamo Desemba 1977 McQueen alimwandikia barua fupi iliyopigwa taipu. Alimweleza kwamba angependa kulinunua tena kwa sababu za moyoni, na kwamba hangelibadilisha kitu. Aliahidi kumtafutia Mustang nyingine badala yake. Hata hivyo, aliongeza kuwa kama bei ingekuwa kubwa mno, basi ni afadhali suala hilo lisahauliwe.

Mwenye gari hakujibu. Nyota aliyeweza kuisimamisha studio nzima kwa neno moja hakuweza kumshawishi mtu wa kawaida kuachilia gari alilolipenda. Pengine wawili hao walifanana kuliko walivyojua.

UWANJA WA NDEGE WA SANTA PAULA

Mnamo 1979 McQueen alihamia mji mdogo wa Santa Paula, California, pamoja na Barbara Minty, ambaye alimwoa Januari 1980. Kwa muda waliishi ndani ya banda la ndege, wakizungukwa na pikipiki na malori yake. Alijifunza kurusha ndege kuukuu ya rangi ya manjano aina ya Stearman. Mwana wa rubani aliyetoroka alikuwa amefika angani mwenyewe, akiwa na umri wa karibu miaka 50.

Waliomjua wakati huo walisimulia kwamba hawakuwahi kumwona akiwa mtulivu kiasi hicho. Alishinda na mafundi, mikono ikiwa imejaa grisi, bila kushughulika na mambo ya Hollywood.

Kikohozi kisichopona ndicho kilichouvunja utulivu huo. Desemba 1979 madaktari waligundua mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, ambayo husababishwa zaidi na asbesto. McQueen mwenyewe aliamini kwamba chanzo kilikuwa mabomba ya meli aliyobandua akiwa mwanajeshi. Lakini asbesto ilikuwa pia katika mavazi ya kukinga moto ya madereva wa enzi hiyo na katika breki za magari. Alichokipenda na alichotumwa vyote vilikuwa na sumu ile ile, na inaweza kuchukua miongo kadhaa kujitokeza.

Madaktari wa Marekani walipokosa tiba, alivuka mpaka hadi Mexico kutafuta matibabu yasiyotambuliwa na wenzao. Hayakumsaidia. Mapema Novemba 1980 alifanyiwa upasuaji mjini Ciudad Juárez kuondolewa uvimbe tumboni. Novemba 7, saa chache baadaye, moyo wake ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka 50. Panya wa Kijani lilikuwa limekaa naye miaka mitatu tu tangu lirejee.

YALIKO MAGARI HAYO

Novemba 1984 mali ya McQueen ilipigwa mnada jijini Las Vegas. Jaguar ilinunuliwa na aliyekuwa jirani yake kwa zaidi ya dola 140,000. Huyo alilifanyia ukarabati kwa uangalifu bila kufuta alama za mwenyewe wa awali. Baadaye likafika kwa Robert Petersen, mchapishaji wa majarida ya magari, na sasa limo katika makavazi yenye jina lake jijini Los Angeles, si mbali na milima ambako lilikuwa likikimbizwa na askari wa trafiki. Porsche nyeusi ilibaki katika familia na kurithiwa na mwanawe, Chad, aliyefariki mnamo 2024.

Kampuni ya Jaguar iliamua kuunda upya magari tisa ya XKSS kuchukua nafasi ya yale yaliyoteketea mnamo 1957. La kwanza lilizinduliwa Novemba 2016 katika makavazi yale yale ya Petersen. Bei ya kila moja ilizidi pauni milioni moja.

Mustang ya New Jersey nayo iliharibika klachi mnamo 1980, mwaka ule ule McQueen alipofariki, ikaegeshwa. Ilikaa gizani zaidi ya miongo mitatu. Mwenyewe alipoaga dunia mnamo 2014, mwanawe aliifufua injini lakini akaacha rangi iliyochujuka na mikwaruzo kama ilivyokuwa. Iliibuka hadharani Detroit mnamo Januari 2018. Miaka miwili baadaye iliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.74, ada zikiwemo.

Barua ya McQueen ilikuwa imehifadhiwa na familia hiyo muda wote, kwa uangalifu ule ule iliolitunza gari lenyewe. Bei aliyohofia kwamba ingekuwa kubwa mno mnamo 1977 haikuwahi kutajwa.